Jinsi ya kupima nguvu ya injini ya gari yako kwa mzani na simu, mwongozo kamili

Nimeamua kuandika hii kwa urefu maana inaniuma kuona watu wanavyopoteza hela. Mtu gari yake imeanza kuwa nzito, anapakua apu, anakanyaga mafuta mara moja barabarani, simu inamwambia hosipawa 58, anasoma sehemu kwamba injini yake inatakiwa iwe na 109, kesho yake yuko gereji injini imeshushwa. Na ile 58 haikuwa na maana yoyote. Uzito aliouweka kwenye apu haukuwa wa gari yake, alipima upande mmoja tu wa barabara, afu akalinganisha vitu viwili visivyolingana.

Njia ya hapa haitaki daino, ile mashine ya gereji ya kupima nguvu ya gari. Inataka uzito wa kweli wa gari na muda wa aina mbili: muda wa gari kupanda spidi na muda wa gari kushuka spidi ikiwa nyutro. Basi.

Mfano nitatumia Toyota IST ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2007 yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5 na boksi otomatiki. Injini hiyo hiyo iko kwenye Probox, Fielder, Premio na Allion nyingi za 1.5 kwahiyo wengi itawahusu moja kwa moja, ila hesabu ni ile ile hata kama una Subaru au Noah.

## Vitu vya kuandaa

- Simu mbili. Moja ya kuonyesha spidi ya GPS, nyingine ya kurekodi video.
- Msaidizi mtu mzima. Dereva hashiki simu kabisa, hilo sio ombi.
- Tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi.
- Geji ya upepo wa tairi.
- Daftari na kalamu.
- Mzani wa magari. Wenye maghala ya nafaka na wanunuzi wa chuma chakavu wengi wanao, ongea nao vizuri watakupimia.
- Kipande cha barabara kilichonyooka, kama kilomita moja na nusu, nje ya mji, hakina makutano, hakina watu wa kuvuka, na unaona mbele mpaka mwisho.

Kile kifaa cha ELM327 cha kuchomeka chini ya usukani ili simu isome kompyuta ya gari sijakiweka. Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani miaka hiyo zinakataa kuongea na apu za kawaida, na hata zikikubali, hosipawa unayoonyeshwa mara nyingi imepigwa kutokana na uzito ulioandikwa kwenye apu. Uzito ukiwa wa kubuni na jibu ni la kubuni.

## Hatua ya 1: Weka gari sawa kabla ya kupima

Pima upepo wa tairi zote nne asubuhi zikiwa za baridi, jaza kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi yenye upepo mdogo inakula nguvu na wewe utadhani injini imechoka. Fungua boksi la eya klina uangalie, kama imejaa vumbi kung'uta au badilisha kabisa. Angalia oili, angalia maji.

Toa mizigo yote ambayo huwa haikai kwenye gari. Mafuta weka nusu tenki, na kila utakapopima siku nyingine iwe nusu tenki, maana lita 20 za petroli ni kama kilo 15.

Kama taa ya chek injini inawaka usiendelee, kasikie kwanza fundi anasema nini. Na kama breki zako huziamini usifanye hili zoezi kabisa.

## Hatua ya 2: Pima uzito, usikopi kwenye kadi

Hapa ndo wengi wanapokosea. Uzito wa kwenye kadi ni wa gari tupu ilivyotoka kiwandani, haujui kuhusu wewe, msaidizi wako, tairi ya akiba kubwa uliyonunua wala ile spika ya buti.

Panda mzanini na gari ikiwa kama itakavyokuwa barabarani, watu wote wawili ndani. Mizani ya malori inasoma kwa kuruka, mara nyingi kilo 20 kwa 20, kwahiyo ingia na kutoka mara mbili uone kama inarudia namba ile ile. Andika.

IST ya mfano wetu ikiwa na watu wawili tuseme ilisoma kilo 1,220.

## Hatua ya 3: Rekebisha spidi mita kwa GPS

Spidi mita karibu zote zinasema zaidi ya ukweli, na sio ubovu, zimetengenezwa hivo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inakataza mita kusoma chini ya spidi halisi lakini inairuhusu kuzidi kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwenye hesabu yetu spidi inazidishwa yenyewe kwa yenyewe, kwahiyo ukikosea asilimia 5 kwenye spidi umekosea asilimia 10 hivi kwenye nguvu.

Sasa kwanini tusitumie GPS ya simu peke yake? Kwa sababu simu nyingi zinasoma GPS mara moja tu kwa sekunde. Ukipima kitu cha sekunde 5 kwa saa inayogonga kila sekunde moja, unaweza kukosea karibu sekunde nzima. GPS ni nzuri sana kwa spidi iliyotulia, ila kwa spidi inayopanda inachelewa.

Fanya hivi. Endesha spidi iliyotulia kabisa mpaka GPS iseme 60 na ikae hapo kama sekunde kumi. Msaidizi abandike kipande chembamba cha tepu kwenye kioo cha mita pale mshale uliposimama, kama upana wa njiti ya kiberiti isiwe zaidi. Rudia kwa 90. Kwenye gari kama hii sio ajabu kukuta mshale uko 64 wakati GPS inasema 60, na uko 95 wakati GPS inasema 90.

Uzuri wa IST ya kwanza mita iko katikati ya dashibodi, msaidizi anaifikia bila kumsumbua dereva. Kwa gari zenye mita nyuma ya usukani simamisheni gari kila mara ndo mbandike.

Simu ya kurekodi iwekwe kwenye kishikio, iangalie mita usoni kabisa sio kwa pembeni, na isihamishwe mpaka zoezi liishe. Ukihamisha simu hata kidogo mshale na tepu vitaonekana vimekutana sehemu nyingine na itabidi uanze upya.

Utajua umefanikiwa kama ukirudia kwa GPS 60 na 90 mshale unalala juu ya tepu ile ile.

## Hatua ya 4: Pima muda wa kupanda, 60 hadi 90

Nenda alfajiri kukiwa na mwanga wa kutosha, barabara kavu, upepo umelala. Injini iwe imeshapata moto wa kawaida, endesha angalau dakika 15 kwanza. AC zima, taa kubwa zima, vioo funga. Soma kibao cha spidi cha hapo. Kama kibao hakiruhusu 90 tumia 40 hadi 70, tepu na kuserereka navyo viwe vya spidi hizo hizo, namba yake nitaitoa kwenye hesabu. Nawaomba sana jamani, hakuna kipimo kinachostahili mtoto wa mtu agongwe barabarani. Ukiona pikipiki, ng'ombe, mtu yeyote pembeni, acha, geuza, subiri.

Otomatiki ya gia nne: weka lever kwenye 2. Tembea 50, msaidizi aanze kurekodi, afu kanyaga mafuta mpaka chini kabisa bila kuachia hadi mshale upite tepu ya pili. Achia taratibu.

Sikiliza injini. Ukisikia imeruka ghafla na kulia kwa ukali halafu katikati ikabadilika tena, boksi limeshuka gia ya kwanza na kurudi ya pili, huo mzunguko futa. Jaribu kukanyaga ukiwa 55 badala ya 50. Kama bado inashuka na sheria ya hapo inaruhusu 100, tumia 70 hadi 100.

Manyuo: chagua gia moja, ya pili au ya tatu, na ubaki nayo siku zote. Usibadilishe gia kati ya tepu na tepu.

CVT, yaani boksi la mkanda, kama za Fielder mpya mpya: hakuna gia ya kushikilia, weka D, kanyaga ukiwa 45 ili mkanda uwe umeshatulia kabla ya 60. Injini itakaa kwenye mlio mmoja muda wote, ni sawa, ila majibu yake usiyalinganishe na ya otomatiki ya kawaida.

Fanya mara tatu kwenda na mara tatu kurudi kwenye kipande kile kile. Kila ukimaliza tembea dakika mbili polepole boksi na injini vipumue.

Kwanini pande zote mbili? Barabara inayopanda mita 1 kwa kila mita 100 macho yako hayaioni kabisa, lakini kwa gari ya kilo 1,220 inachukua au inakupa kama hosipawa 3 na nusu. Na upepo nao hivo hivo.

Ukifika nyumbani fungua video kwenye programu ya kuhariri inayoonyesha fremu. Tafuta fremu ambayo mshale unagusa tepu ya 60, halafu ya tepu ya 90, toa. Video ya fremu 30 kwa sekunde inakupa muda mpaka sehemu ya thelathini ya sekunde, stopwochi ya kidole haikaribii hapo.

Utajua umefanikiwa kama muda wa upande mmoja mara tatu hautofautiani zaidi ya sekunde 0.3. Ikizidi hapo kuna kitu kimebadilika, mara nyingi dereva alichelewa kukanyaga mpaka chini.

Mfano wetu: kwenda sekunde 5.2, kurudi sekunde 5.6.

## Hatua ya 5: Pima muda wa kuserereka, 90 hadi 60

Watu wengi wanairuka hii halafu ndo inayosema mengi kuliko zote.

Panda mpaka GPS 95 hivi kama kibao kinaruhusu, achia mafuta, sukuma lever kutoka D kwenda N bila kubonyeza kitufe. Usibonyeze kitufe maana ndicho kinachokuzuia usipitilize ukaingia R, yaani rivasi. Gari itembee yenyewe, usiguse breki, msaidizi anarekodi mpaka mshale ushuke chini ya tepu ya 60. Halafu rudisha D.

Onyo: injini ibaki inawaka. Usizime swichi hata kwa sekunde moja, ukizima usukani unakuwa mgumu, breki inapoteza msaada wake na usukani unaweza kujifunga ukitoa ufunguo. Kama kuna gari nyuma yako usifanye, utakuwa unapunguza spidi bila taa ya breki kuwaka.

Mara mbili kwenda, mara mbili kurudi. Mfano wetu: kwenda sekunde 36, kurudi sekunde 25.7. Usishtuke tofauti kubwa, ni ule mwinuko usioonekana na upepo.

## Hatua ya 6: Piga hesabu

Nimeshawarahisishia. Kwa 60 hadi 90, zidisha uzito wa gari kwa 173.6. Unapata nishati kwa juli. Kwa 40 hadi 70 zidisha kwa 127.3, kwa 70 hadi 100 zidisha kwa 196.8. Namba hizo zimetoka kwenye nusu ya uzito mara spidi mara spidi, spidi ikiwa mita kwa sekunde, nimekutolea ya chini kwenye ya juu.

IST yetu: 1,220 × 173.6 = juli 211,792.

Gawa kwa muda wa kupanda, hiyo ni nguvu iliyosukuma gari. Gawa namba ile ile kwa muda wa kuserereka, hiyo ni nguvu iliyoliwa na upepo, tairi na msuguano. Injini ililipa zote mbili kwahiyo unajumlisha.

Kwenda: 211,792 ÷ 5.2 = 40,729. Na 211,792 ÷ 36 = 5,883. Jumla wati 46,612.

Kurudi: 211,792 ÷ 5.6 = 37,820. Na 211,792 ÷ 25.7 = 8,241. Jumla wati 46,061.

Angalia hapo vizuri. Muda wa kwenda na kurudi ulikuwa tofauti kabisa lakini jumla zimekaribiana, hazijaachana hata kwa asilimia 2. Hiyo ndo alama kwamba kipimo chako kimekaa. Jumla za pande mbili zikiachana kwa asilimia 10 usiendelee, rudi barabarani, inawezekana upepo ulibadilika au tepu imehama.

Wastani ni wati 46,337. Gawa kwa 735.5 unapata hosipawa 63.

Kuna nguvu kidogo pia inatumika kuzungusha tairi na vyuma vya ndani ya injini vyenyewe, sijaihesabu, kwahiyo namba halisi iko juu kidogo. Kwa kuwa unalinganisha gari na yenyewe haitakusumbua.

## Hatua ya 7: Rekebisha kwa mwinuko wa mahali

Hii inawahusu sana watu wa Mbeya, Njombe, Iringa, Arusha, Nairobi. Injini isiyo na tabo inavuta hewa kama ilivyo, hewa ikiwa nyepesi nguvu inapungua, hakuna fundi anayeweza kubadilisha hilo. Watu wananunua gari Dar inavuta vizuri, wanapanda nayo Mbeya, wanaona imekufa, wanafungua injini nzima.

Tafuta presha ya hewa ya mahali ulipopimia. Baadhi ya simu zina baromita ndani, yaani kipimo cha presha ya hewa. Ila usichukue presha ya kwenye apu ya hali ya hewa, ile imeshageuzwa kuwa ya usawa wa bahari, hata ukiwa Nairobi itakwambia karibu hektopaskali 1,013 (gawa kwa 10 upate kilopaskali) na utaharibu kila kitu. Kama huna baromita tumia hizi kwa kilopaskali:

- usawa wa bahari: 101
- mita 500: 95.5
- mita 1,000: 90
- mita 1,500: 84.5
- mita 2,000: 79.5

Kizidisho ni 99 gawa kwa presha, mara kipeuo cha pili (skwea ruti) cha ((273 + joto) ÷ 298). Hiyo 99 na nyuzi 25 ndo hali ya rejea inayotumika kwenye kipimo cha SAE J1349, fomula yangu ni nyepesi kuliko yao lakini inatosha.

Dar kukiwa na nyuzi 32 inakuja 0.99, yaani hakuna cha kurekebisha. Mbeya kwenye mita 1,700 na nyuzi 20, presha kama 82.5, inakuja 1.19. Maana yake IST ile ile iliyotoa 63 Dar, ukiipima Mbeya ikatoa 53, haijapoteza kitu. 53 mara 1.19 ni 63. Funga boneti uende nyumbani.

Gari ya tabo usiirekebishe hivi, tabo inafidia sehemu kubwa ya hewa iliyopungua.

## Hatua ya 8: Soma majibu bila kujidanganya

63 na 109 ya kiwandani hazilingani na hazitakiwi kulingana. 109 ni kilele, imepimwa kwenye kranki, yaani pale injini inapotokea kabla ya boksi, injini ikiwa mizunguko 6,000 kwa dakika. Yako ni wastani wa injini ikipanda toka mizunguko ya chini, imepimwa kwenye tairi baada ya boksi kula sehemu yake, na otomatiki za zamani zinaweza kula hata moja ya tano.

Linganisha na gari yako mwenyewe miezi sita iliyopita. Kama hujawahi kupima, tafuta rafiki mwenye IST kama yako ambayo anaiamini, mwende asubuhi moja, barabara moja, tepu moja. Hilo ndo jibu bora kuliko kitabu chochote.

Kupanda kubaya, kuserereka kuzuri: tatizo liko injini au boksi. Anza na vya bei ndogo: eya klina, plagi, koili, filta ya mafuta, presha ya pampu. Halafu masega ya egzosi (katalitiki) kama yameziba. Badilisha kitu kimoja, pima tena, ndo uguse kingine. Ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua kilichoponyesha.

Kuserereka kubaya: injini haina kosa. Hapa nina ushahidi wangu. Gari yangu ilikuwa nzito nikaambiwa gereji moja kwamba ringi zimeisha, nitafute injini nyingine, na bei nikatajiwa. Nilikuwa na vipimo vya mwaka uliopita nikaenda kupima upya. Kuserereka kulikuwa kumeshuka kutoka sekunde 30 hadi 19. Nikasimama, nikapitisha mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kugusa, ya mbele kushoto ilikuwa inatoa moto kama pasi. Pini za kalipa zilikuwa zimekauka, pedi inabana diski muda wote. Zikasafishwa, zikapakwa grisi, muda ukarudi 30. Ile injini haijafunguliwa mpaka leo.

Vyote vizuri lakini gari unaisikia nzito: safisha throto (mlango wa hewa ya injini), angalia boksi linavyobadilisha gia na oili yake. Nguvu ipo ila inachelewa kukufikia.

Ikibaki injini tu ndo upime kompresheni, yaani presha ya ndani ya silinda, kabla ya mtu yeyote kushusha chochote. Injini ya moto, plagi zote nje, koili na nozeli zimechomolewa umeme, betri nzima, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, piga stata mpaka mshale wa geji usipande tena. Silinda zote nne zikaribiane, tofauti isizidi psi 15 hivi. Iliyo chini itilie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena, ikipanda sana ni ringi, isipopanda angalia valvu au gasketi. Na wa milimani mkumbuke, hata geji ya kompresheni inasoma chini huko juu kwa sababu ile ile ya hewa, kwahiyo angalia zaidi silinda zinavyolingana kuliko namba yenyewe.

Kwenye daftari andika tarehe, kilomita, uzito, upepo wa tairi, joto, presha na muda wote, sio jibu la mwisho peke yake. Tepu za kwenye kioo piga picha kabla hujazibandua.